Siku Baba Alipopiga Magoti

Mvua ilipoanza kunyesha Thika, harufu ya mananasi yaliyokuwa yakichemshwa kiwandani ilishuka chini na kulala juu ya mabati ya mtaa wetu wa Makongeni kama blanketi lililolowa. Ilikuwa harufu tamu inayokaribia kuoza, na sisi tuliozaliwa ndani yake hatukuitambua mpaka siku za sikukuu, mitambo ilipozimwa na hewa ikabaki tupu. Baba alirudi nayo nyumbani kila jioni, kwenye ovaroli, kwenye nywele, hata chini ya kucha. Ndugu yangu Mwangi aliipenda kuliko chakula. Aliposikia hatua za Baba uani aliacha vizibo vyake vya soda alivyokuwa akivipanga sakafuni, akaenda mlangoni, akaweka pua kwenye mkono wa ovaroli na kuvuta pumzi ndefu, macho yameangalia pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake, na hakuwa na nyingine. Baba, ambaye huwa hana subira hata ya kungoja chai ipoe, alisimama pale na mkono wake umenyooshwa mpaka Mwangi atosheke.

Nasimulia haya kwanza kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amchukie baba yangu, nami sitaki achukiwe. Mwangi alikuwa mwanawe wa kwanza wa kiume, na kwa desturi yetu Wakikuyu alipewa jina la babu yetu mzaa baba. Ndiyo maana Baba naye alimwita "Baba," kama vile wanaume wa kwetu wanavyowaita wana waliobeba majina ya baba zao. Nilikuwa na miaka tisa, Mwangi sita, na nilikuwa nimezoea kumsikia mtu mzima, mzee wa kanisa, akiinama na kumwambia mtoto asiyesema neno hata moja, "Baba, kula. Baba, vaa viatu." Neno usonji sikulisikia hadi nilipokuwa mtu mzima. Makongeni walikuwa na maneno mengine. Wenye huruma walimwita mtoto wa Mungu, wasio na huruma walimwita bubu, na wengine walinong'ona kuhusu laana, wakahesabu kwa vidole mababu waliokufa na vinyongo. Mama ndiye aliyeyabeba yote. Mwangi alipojitupa chini sokoni kwa sababu ya kelele za mashine ya kusaga, kulikuwa na mtu wa kumkumbusha Mama kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jirani mmoja mzee alimfariji kwa kumwambia kwamba tembo halemewi na pembe zake. Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi langoni, na aliporudi jikoni akasema kwamba huyo tembo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mama aliuza mboga na viazi katika kibanda karibu na nyumba zetu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mabega mapana, na Mwangi, ingawa alikuwa mkubwa, alikuwa bado anabebwa mgongoni siku ambazo dunia ilimshinda. Mama aligundua mambo yake moja baada ya jingine, bila mwalimu. Alijua kwamba hapendi kushikwa kwa ghafla, ila ukimkumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu anatulia. Alijua kwamba maji yanayotiririka humrudishia akili yake mahali pake. Hivyo alifungua mfereji uani kidogo tu, uzi mwembamba wa maji, akamwachia acheze nao huku yeye akimenya viazi na kuimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani. Mwangi hakuimba, lakini alivuma kama nyuki, na mvumo wake ulifuata sauti ya Mama bila kukosea. Ukiniuliza leo kuhusu imani, hicho ndicho kitu cha kwanza kinachonijia: mama yangu akimenya viazi, na ndugu yangu akivuma.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mvua za masika, mwaka ambao kanisa letu lilihama kutoka jengo la mabati na kuingia katika jengo la mawe. Tulikuwa tumechanga miaka mingi. Kila mtu alijivunia madirisha yale, sakafu ile nyekundu iliyong'arishwa, na zaidi ya yote vipaza sauti vipya, vyeusi, virefu kuliko mimi, vilivyosimamishwa pande zote mbili za madhabahu. Katika kanisa la mabati Mwangi aliweza kukaa. Tulikaa nyuma karibu na mlango, akavuma na nyimbo, na watu walikuwa wamemzoea. Lakini Jumapili ya kwanza katika jengo jipya, kinanda na ngoma vilipopigwa kwa pamoja, Mwangi alipiga ukemi ambao bado nausikia. Aliziba masikio, akagonga kichwa chake kwenye benchi. Mama alimtoa nje, akakaa naye kwenye mvua. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, hata watu wakaanza kugeuka na kutazama kabla ya ngoma kuanza, kama wanaongoja radi.

Wazee wa kanisa walikutana. Baba alikuwa mmoja wao, kwa hiyo alikaa katika kile kikao akawasikiliza wenzake wakimjadili mwanawe kwa upole na kwa maneno mazuri. Sijui kama alisema lolote. Ninachojua ni kwamba waliamua kumtuma yeye. Alifika nyumbani jioni bado amevaa koti la Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akamwambia Mama kwamba wazee wameona ni vyema Mwangi abaki nyumbani siku za ibada, kwa muda tu, mpaka Mungu atakapomponya. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Na mimi nitakaa na nani kanisani," akauliza, "yeye akikaa na nani nyumbani?"

Baba akasema kwamba wazee hawakulizungumzia hilo.

"Wewe ni mzee," Mama akasema. "Wewe ulisema nini?"

Baba aliinuka akaenda kuvua koti. Kuanzia wiki ile Mama hakwenda tena kanisani. Jumapili asubuhi alitupigia pasi nguo, akavipaka rangi viatu vya Baba kama kawaida, akatufungulia lango. Nilitembea na Baba nikiwa na Biblia mkononi, na nilipogeuka nilimwona Mama ameshafungua mfereji. Kule ndani, watu walimsalimu Baba kwa mikono miwili na kumuuliza kuhusu Mama, naye akasema yuko salama, anawasalimu. Walikuwa watu wema. Wengi wao walimletea Mama sukari na mkate, wakaomba naye sebuleni, wakalia kwa dhati. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna hata mmoja aliyewaza kupunguza sauti ya ngoma.

Kitu kilianza kumla Baba kutoka ndani. Alifunga kula siku za Jumatano, kisha akaongeza Ijumaa. Alikonda, ovaroli ikamlegea. Nilimkuta mara nyingine ameketi kitandani anamtazama Mwangi amelala, midomo yake ikienda bila sauti. Leo, nikiwa mama, naelewa kwamba alikuwa amebanwa kati ya mambo mawili aliyoyapenda, na alitafuta njia ambayo ingemwezesha asipoteze hata moja. Mwangi akipona, kusingekuwa na la kuchagua. Ndipo akasikia kwamba kuna mhubiri mgeni anayefanya mkutano wa injili katika uwanja mmoja Ruiru, na kwamba viwete wanaacha magongo yao pale na mabubu wanasema majina ya mama zao. Mama alikuwa ameshamwambia kwamba hataki mwanawe apelekwe mbele ya umati. Jumamosi moja, Mama alipokuwa kibandani, Baba alituvalisha nguo safi, akatupitisha kwake na kumwambia tunakwenda Kimbo, mtaa wa Ruiru, kumsalimu Tata Nyambura, dada yake Mama. Tata kwetu ni shangazi au mama mdogo, na huyu tulimpenda sana. Mama alifurahi. Alitufungia sukuma wiki na kabeji tumpelekee.

Uwanja ulikuwa umejaa tope jekundu. Jenereta ilinguruma nyuma ya jukwaa, na vipaza sauti vilikuwa vingi kuliko vya kanisani kwetu. Mwangi alianza kutetemeka hata kabla hatujafika katikati. Baba alimbeba, akamfunika kichwa kwa koti lake, akawa anamwambia sikioni, "Baba, vumilia kidogo. Kidogo tu, Baba." Nilishika mkanda wa suruali yake ili nisipotee. Tulipofika mbele, wahudumu walimchukua Mwangi mikononi mwa Baba, wakamsimamisha, wawili wakamshika mikono, na mhubiri, mtu mrefu mwenye suti ya rangi ya maziwa, akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kupaza sauti kwenye maikrofoni. Mwangi alifanya ambalo angelifanya popote pale. Alimng'ata mmoja wao, akajipindapinda, akaponyoka, akakimbia.

Mhubiri hakushtuka. Alicheka ndani ya maikrofoni, akauambia umati usiogope, kwamba ni pepo anayekimbia wala si mtoto, na watu wakapiga makofi na vigelegele huku wakimpisha ndugu yangu apite. Kisha akamgeukia Baba, aliyekuwa ameshapiga hatua ya kwanza. "Piga magoti, baba," akamwambia. "Usiangalie nyuma. Ukiangalia nyuma utaipoteza baraka yako." Na baba yangu akapiga magoti. Nilimwona akishuka kwenye tope na suruali yake ya Jumapili, macho amefumba, mikono ameinua, machozi yakimtiririka, na kila msuli wa shingo yake ukivutwa kuelekea upande aliokimbilia mwanawe. Nilikimbia mimi, nikiita jina la Mwangi, lakini umati ulikuwa umeshajifunga tena kama maji, na mtoto wa miaka tisa haoni ila viuno vya watu. Niliporudi kwa Baba, maombi yalikuwa bado hayajaisha.

Tulimtafuta mchana wote. Ruiru ya wakati ule ilikuwa na mashamba ya kahawa hadi karibu na nyumba, na machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua, na kila shimo tulilochungulia Baba alitangulia kwanza, akaniambia nibaki nyuma. Sauti ilimkauka kwa kuita, na kwa kuwa alizoea kumwita mwanawe "Baba," watu waliotusikia walidhani mtu mzima huyu amepotelewa na mzazi wake. Jua lilipoanza kushuka tulifika kwa Tata Nyambura tukiwa na tope hadi magotini, na lile fungu la kabeji bado liko mkononi mwangu. Tata alimsikiliza Baba bila kumkatiza, kisha akaenda kwa jirani mwenye simu, na Mama akapata habari kule Thika kupitia mwenye duka. Nikikumbuka safari ile aliyosafiri mama yangu peke yake, akitazama dirishani na hajui anakwenda kuchukua mtoto au maiti, huwa naacha ninalolifanya.

Mama alikuwa ameshafika, na sote tumesimama barabarani tusijue pa kuanzia, mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi alipotuuliza kama ni sisi tuliopotelewa na kavulana kasikosema. Alitwambia twende msikitini. Ulikuwa msikiti mdogo wenye ua wa saruji, na kando ya ukuta kulikuwa na mifereji ya kutawadhia. Mwangi alikuwa ameketi chini ya mfereji wa mwisho, uzi wa maji ukimdondokea viganjani. Mtu alikuwa amemfunika mabega kwa shuka kavu. Mzee mmoja mwenye kofia, muuza vitambaa pale Kimbo, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbali kidogo, akimwangalia bila kumsogelea. Alisimama alipomwona Mama.

"Alikuja mwenyewe akafungua maji," akasema. "Tulitaka kumtoa, akalia sana. Basi tukamwacha. Mtoto hana kosa."

Mama alivua viatu langoni. Alikwenda akakaa kando ya Mwangi kwenye saruji iliyolowa, asimguse, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wake wa kumenyea viazi, pale pale katika ua wa msikiti, na hakuna aliyemzuia. Baada ya muda Mwangi akaanza kuvuma. Hapo ndipo Mama alipomvuta kifuani. Baba alikuwa amebaki langoni, kofia mkononi. Tulipotoka, Mama alisimama mbele yake, na kwa kuwa tope lilikuwa limekauka magotini mwake, alilitazama kwanza kabla ya kusema.

"Alipokimbia, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naomba," Baba akasema.

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Mama alitikisa kichwa taratibu, akampandisha Mwangi mgongoni, akafuata njia ya kwenda kwa Tata. Hawakugombana siku ile wala siku nyingine. Asubuhi yake Baba alirudi Makongeni kwa sababu alikuwa na zamu, na Mama akasema atakaa siku chache mtoto atulie. Siku hizo chache hazikuisha. Tata alitupa chumba. Mama alipata mahali pa kuuzia mboga karibu na stendi ya Kimbo, na baadaye akasikia kuhusu shule ya msingi ya umma yenye darasa la watoto kama Mwangi, akampeleka. Baba alikuja kila mwisho wa mwezi na unga na sabuni, akaketi sebuleni kama mgeni, akanywa chai, akarudi. Ovaroli aliiacha Thika. Alikuja na nguo safi zisizo na harufu yoyote, na Mwangi hakumkaribia mlangoni tena. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba kanisani aliwaambia watu kuwa mwanawe yuko shule ya bweni.

Imani ya Mama haikufa, kama ambavyo mtu angetarajia. Ilihamia ndani ya nyumba. Aliomba akifua, akiosha vyombo, akimfunga Mwangi vifungo vya shati hata alipokuwa kijana mwenye ndevu. Nilipokuwa mkubwa wa kuweza kuambiwa, alinieleza ombi lake ambalo hakulisema mbele ya mtu mwingine: kwamba Mungu amjalie amzike Mwangi yeye mwenyewe, asimwache nyuma. Alilia aliponiambia, akaniuliza kama hiyo ni dhambi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati huo sikuwa mzazi. Mungu hakumpa alichoomba. Aliugua kwa muda mfupi, akatutangulia, na Mwangi akabaki nami katika nyumba ile ile ya Kimbo.

Siku hizi mambo yamebadilika, na sitaki kuwa mtu wa kukataa hilo. Kanisa letu la zamani lina chumba cha watoto wenye mahitaji maalum, chenye mikeka na mapazia mazito, na kuna akina mama wawili waliojifunza kuwahudumia. Mchungaji wa sasa, kijana mpole, alinialika nikaone. Nilisimama mlangoni nikamwona mvulana mdogo akipanga vizibo, mama yake akiwa ibadani kwa amani, na nikafurahi kweli. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuweza kuliwasha. Kile chumba hakikuhitaji muujiza. Kilihitaji mapazia na watu wa kukubali. Tungeweza kuwa nacho hata mwaka ule tulipohamia jengo la mawe, na pengine wazazi wangu wangezeeka pamoja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu huyo alikuja babu akiwa bado hai, akamkalia mapajani.

Baba alistaafu kiwandani, kisha akauacha na uzee wa kanisa bila kumweleza mtu sababu. Baada ya mazishi ya Mama alianza kuja Kimbo kila Jumapili. Alimletea Mwangi ndizi, akazungumza naye kuhusu mvua, kuhusu mpira, akimwita "Baba" kama zamani, naye Mwangi akaendelea kuambua njegere zake bila kuinua macho. Siku moja Baba aliniuliza, akijaribu kufanya sauti yake iwe nyepesi, kama nadhani Mwangi anamjua yeye ni nani. Nilimwambia kwamba anamjua vizuri, ila hajazoea kumngoja. Nilijuta mara neno lilipotoka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kwa sababu kuna mtu ambaye Mwangi humngoja. Mama alizoea kurudi kutoka stendi jua linapotua, na mpaka leo, saa hiyo ikifika, Mwangi huacha anachokifanya, akaenda kusimama langoni akitazama barabara. Nimejaribu kumweleza. Nimempeleka kaburini. Hubaki pale mpaka giza liingie, ndipo huingia ndani kula. Jumapili ile Baba alimwona akiinuka, akamfuata kwa macho hadi langoni, akaniuliza anafanya nini. Nikamwambia anamngoja Mama.

Nilidhani Baba ataaga, maana ilikuwa saa yake ya kurudi Thika. Badala yake alikichukua kiti chake kwa mikono miwili, akakibeba polepole kuvuka uani, akakiweka kando ya mwanawe.

"Basi na mimi nitangoja," akasema.

Tangu siku hiyo hungoja pamoja kila Jumapili, mzee ameketi na mwanawe amesimama, mpaka taa za barabarani ziwake. Kisha Baba humnyooshea mkono. Mara nyingi Mwangi hutangulia tu ndani bila kuushika.